Hosta Niliyoiotesha Basotu

Mwanamke anayeotesha majani yasiyoliwa, tena kwa mbegu, katikati ya mashamba ya ngano ya serikali huku Basotu, watu wana haki ya kumcheka. Na walinicheka. Mama wa Kibarbaig aliyeniletea maziwa kila asubuhi aliyachungulia makopo yangu akauliza, "Mwalimu, hii inaliwa?"

"Hailiwi."

"Ng'ombe je?"

"Wakithubutu nitawachapa."

"Sasa unalima ya nini?"

Nikamwambia apime maziwa aende zake. Ngano ilishameza malisho ya ng'ombe wake, halafu mimi napalilia mapambo. Angenitukana ningemwelewa.

Mbegu nilipewa na mke wa mtaalamu mmoja wa Kizungu walipokuwa wanafunga mizigo kurudi kwao. Kivulini nyuma ya nyumba yake alikuwa na hosta, mimea ya mapambo yenye majani mapana ya kingo nyeupe, na mimi nilizionea wivu bila aibu. Mashina yenyewe aliyang'oa akampa mke wa meneja. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi na mke wa fundi matrekta, nikaachiwa maganda makavu yenye vimbegu vyeusi. Haya, nikapokea, nikashukuru.

Nilichekecha udongo na samadi iliyooza, nikazisia kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, nikafunika na nailoni, nikaweka upande wa nyumba usiopigwa jua. Zikaota. Halafu zikakaa tu. Jamani, hosta ya mbegu haina haraka na mtu! Ngano ilipandwa, ikavunwa, ikapandwa tena, zenyewe bado zina vijani vya kitoto. Konokono wakala, mbuzi wa jirani akamalizia, ikabaki moja. Nayo ilipokua ikawa kijani kitupu, hata uzi mweupe haina. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba mbegu ya hosta mara nyingi haifanani na mama yake, lakini wakati ule nilijua yule Mzungu kanipiga changa la macho. Niliipenda hivyo hivyo. Kwenye lile vumbi, ilikuwa kitu pekee nilichokiita changu.

Mume wangu alikuwa ameniahidi kwamba mkataba wake ukiisha tunarudi Kilimanjaro. Nilishamwambia mama yangu, nilishawaambia watoto. Jumapili moja, nje ya kanisa, mke wa meneja akanishika mkono akanipongeza: kumbe mume wangu ameomba kuongezewa muda, na amekubaliwa. Ameomba! Mwenyewe, kwa hiari yake, bila kuniuliza!

Nilirudi nyumbani nafoka. Niliyomwambia sitayaandika hapa kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Nikafunga mabegi. Kesho yake kulikuwa na lori la kwenda Arusha, nami nilikuwa napanda na wanangu, na hosta yangu mapajani.

Kwetu Uchagani, aliyekukosea akija na jani la sale, ule mmea wa mipaka ya vihamba, lililofungwa fundo, humnyimi msamaha, hata kama moyo bado unachemka. Unalipokea, basi. Lakini Basotu sale utalitoa wapi?

Asubuhi, lori likiwa limeshaanza kunguruma barabarani, mume wangu akaingia akapiga magoti. Mikononi alishika jani moja pana, la kijani, limechanika katikati. Fundo lilikuwa limemshinda, akalizungushia uzi wa gunia.

"Mama watoto, nimekosa," akasema. "Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa. Usiniache huku peke yangu."

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye jani. Nikatoka mbio hadi upande wa kivuli. Mungu wangu! Shina lote ameling'oa. Alikuwa amejaribu fundo kwa jani moja baada ya jingine, yote yakamchanikia, ameyatupa pale chini. Alilokuja nalo lilikuwa la mwisho.

Nililia kwa hasira, nikiwa nimechuchumaa pale kama chizi. Niliporudi ndani bado alikuwa magotini, na nikaona kwamba mwanaume huyu anaogopa kweli. Nikalipokea lile jani kwa mikono miwili. Nikawaambia watoto wamwambie dereva aende zake.

"La kubaki nimekusamehe," nikamwambia. "La hosta yangu, katafute jani jingine."