Chumvi ya Watu wa Mikunjo

Enzi zetu, mtu aliyetaka kufika kwenye nyota za mbali alipita nyuma ya soko la Kasongo, akaacha kikombe cha karanga mlangoni kama kiingilio, akainama chini ya turubai na kutafuta nafasi mkekani. Hatukuhitaji chombo kingine. Jenereta ya Papa Asumani, mwenye banda lile la filamu, ilinguruma nje na kuutikisa ukuta wa udongo, hata chombo cha angani kilipopaa kwenye televisheni, nasi tulitikisika, tukaamini tumepaa pamoja nacho. Harufu ya esansi, petroli ya jenereta, ilichanganyika na harufu ya mikati iliyokaangwa kwa mawese nyumba ya jirani. Mpaka leo, nikisikia habari za anga hunijia hamu ya mikati, na sijui nimweleze nani jambo hilo asinione mpungufu wa akili.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mdogo wangu, Pascal. Wiki hii aliniletea simu yake, uso umemsinyaa kama aliyetoka matangani. Ule mfululizo wa filamu tulioutazama utotoni, ambao haujakoma hadi leo, umewabadilisha sura Watu wa Mikunjo, wale wageni wa kutoka nyotani, na mashabiki wa dunia nzima wanatukanana usiku na mchana.

"Yaya, bamebageuza tena," alisema, kwani ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa. "Tia jina lako hapa. Tunaomba barudishe ile sura ya kweli."

Ilikuwa barua ya madai. Chini yake palikuwa na nafasi ya jina na nafasi ya sababu. Juu kabisa palikuwa na picha ya hiyo sura ya kweli: meno nje, ngozi kama ya mamba, pembe mbili. Niliitazama kwa muda mrefu. Kwa Pascal, aliyeanza kuingia chini ya turubai miaka kadhaa baada yangu, huo ndio uso wa asili. Kwangu mimi ndio uso ulioharibu kila kitu. Chuoni tulifundishwa kwamba mtu asitie sahihi jambo asilolielewa, nami nikamwomba anisubiri hadi Jumapili.

Wenzangu wa rika langu watakumbuka kwamba Watu wa Mikunjo wa kwanza hawakuwa na pembe. Walikuwa warefu, wapole, wamevaa kanzu, na kwenye paji la uso walikuwa na mikunjo mitatu iliyolala kama matuta ya shamba la muhogo. Filamu zilikuja katika lugha ambayo hakuna aliyeijua, na Papa Asumani alisimama kando ya televisheni na kijiti chake, akitusimulia kwa Kiswahili. Lakini Watu wa Mikunjo walikuwa wageni hata kwa binadamu wa filamu ile, na Papa Asumani aliona si haki wageni waseme kama sisi. Basi kila walipofungua kinywa, aliwasemea kwa Kibangubangu, lugha ya Kabambare, alikokuwa akifanya biashara ujanani. Sisi watoto wa Kasongo, tuliolelewa kwa Kizimba na Kiswahili, tulikwisha kuamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya nyota.

Nilipokuwa darasa la nne, akaletwa Sakina. Alitoka Kabambare pamoja na mjomba wake, aliyekuwa akipita kuelekea kwenye machimbo ya dhahabu, akamwacha kwetu asome, na mwalimu akamketisha kwenye benchi langu. Alikuwa na gauni moja na daftari lililoshonwa kwa uzi. Jumamosi ile ile nilimpeleka kwa Papa Asumani. Mfalme wa Watu wa Mikunjo akashuka kutoka kwenye chombo chake, akainua mkono, akasema maneno yake. Sakina akacheka, kisha akaziba mdomo haraka kwa kiganja.

"Anasema nini?" tuliuliza. "Weye unasikia?"

Alikaza macho kwenye televisheni.

"Anasema: tumetoka mbali, lakini hatukuja kuomba."

Sote tuligeuka kumtazama. Hata Papa Asumani alishusha kijiti chake. Tangu siku hiyo Sakina alikaa mbele kabisa, na kila mfalme aliposema, yeye alitueleza. Maneno gani yale! Wakati wa mapumziko, tulipocheza nzango, tukirukaruka na kupiga makofi hadi vumbi lilitufika magotini, wasichana waligombania kuwa timu moja na "ndugu ya mufalme". Sentensi ile ya kwanza tuliifanya kama sala. Tuliisema tukiingia shambani kwa mwalimu na majembe yetu, tuliisema tukipanga foleni kisimani. Siku moja mama alinituma kwa jirani kuchukua kaa la moto, nami nikarudi mikono mitupu kwa kuwa nilisimama mlangoni pao na kutangaza kwamba sikuja kuomba. Mama akaniambia, "Basi rudi, uombe. Moto haina miguu."

Vijana wa leo, akina Pascal, huwasimamisha watu wa nyota kwa kidole, wakawakuza pua, wakaweka uso wa jana kando ya uso wa leo na kuhesabu vinyweleo. Sisi hatukuweza kusimamisha chochote isipokuwa esansi ilipokwisha, na hapo mfalme alitoweka katikati ya neno, tukaenda nyumbani kula sombe ya majani ya muhogo tukibishana alitaka kumalizia vipi.

Ndipo zikaja kanda mpya. Papa Asumani aliiweka ya kwanza bila kuitazama kabla, mlango wa chombo ukafunguka, na walioshuka walikuwa na meno nje. Hakuna aliyejua la kufanya. Mmoja alisema ni ugonjwa. Mwingine alisema hao ni baba zao, wale wa kwanza walikuwa watoto. Fundi wa baiskeli aliyeketi nyuma alisema kanda hiyo ni ya bandia na akadai karanga zake. "Hii haiko sura yabo," alirudia, "hii haiko sura yabo," kana kwamba amewahi kula nao. Sote tulimgeukia Papa Asumani. Alikuwa amesimama, kijiti hewani, amechanganyikiwa kama sisi. Kisha wenye meno wakaanza kusema, naye, kwa kuwa mfasiri hachagui, akawasemea kwa Kibangubangu kile kile. Wakasema Kibangubangu na kuchoma mji. Sakina, mbele yetu, hakutafsiri kitu.

Jumatatu dhihaka zilianza darasani kabla ya kengele.

"Sakina, onyesha meno."

"Bandugu zako bamekula muji muzima. Na weye utatukula lini?"

Aliweka daftari lake mezani na kulinyoosha kwa kiganja. Nami, niliyeketi naye bega kwa bega tangu mwanzo wa mwaka, nilisogea. Nilisogea upana wa mkono mmoja tu, lakini darasa zima liliona, na kelele zikaongezeka. Jioni mama, aliyekwisha kusikia kwa wanawake wenzake wakitwanga mpunga, aliniambia, "Mutu hageuke kwa sababu picha imegeuka." Niliitikia kwa adabu. Kesho yake sikusogea kurudi. Mwaka ulipokwisha, mjomba wake alimrudisha Kabambare, na upana ule wa mkono nimeubeba hadi chuoni, hadi kwenye madarasa ninayofundisha, ambako huwatazama watoto wakigombania benchi.

Ndiyo maana nilimwomba Pascal anisubiri siku zile. Kwa dereva mmoja wa pikipiki anayepeleka abiria Kabambare nilipata namba ya Sakina, na Jumapili baada ya misa nikampigia. Ana watoto wawili na meza ya vitambaa sokoni. Alinitambua kwa sauti, akaniita jina langu la utotoni, na nilipomweleza kuhusu barua ya Pascal na ugomvi wa mashabiki, alicheka kicheko kile kile, bila kiganja safari hii.

"Mufalme ule?" alisema. "Siku ya kwanza alisema, 'Mama, hii chumvi imelowana.' Papa Asumani alijua Kibangubangu ya soko tu. Chumvi imelowana, shusha bei, mbwa iko ndani ya muhogo. Ni hayo, kila Jumamosi."

"Na yale uliyotuambia?"

"Nilikuwa natunga. Nilikuwa na gauni moja, ndugu yangu. Ningewaambia habari ya chumvi, ningebaki mutoto wa kwenye njia. Kwa mufalme, nilikuwa na ukoo."

Kisha nikamwambia lile lililonifanya nimpigie, habari ya benchi, kwamba nilisogea, kwamba naomba anisamehe.

"Benchi?" Nilisikia akikunja kitambaa. "Ile benchi ilikuwa na musumari, upande wangu. Kila mutu alikuwa anasogea."

Mteja akamwita, akaniaga, akasema nisisahau kumsalimia mama. Sikumbuki msumari wowote. Nimejaribu kuukumbuka. Nimeipitisha mikono yangu juu ya benchi lile kichwani, ubao kwa ubao, na sijui kama ulikuwepo, au kama ameniwekea yeye mwenyewe, kama alivyomwekea mfalme maneno mdomoni, ili nipate pa kukalia.

Pascal alikuja jioni na simu yake. "Sasa Yaya, sura ya kweli ni gani?" Nilijaribu kumjibu kwa haki, kama ninavyowajibu wanafunzi. Niliwapenda watu wenye mikunjo mitatu ambao hawakusema walichosema. Walisemewa na mfanyabiashara aliyejua bei ya chumvi, na wakatafsiriwa na msichana aliyetoka mbali. Waliotengeneza filamu wakirudisha mikunjo, hawatamrudisha hata mmoja wa hao wawili. Enzi zetu picha ilikuwa mbovu, sauti haikuwa yao, na tuliondoka pale tukiwa na sentensi ya kuishi nayo. Leo kila unywele unaonekana, na vijana hawa wanaandika madai. Sijui ni nani aliyemwona mgeni vizuri zaidi.

"Tia jina basi," alisema Pascal.

Nilishika simu. Kwenye nafasi ya sababu niliandika: Walitoka mbali, lakini hawakuja kuomba. Kisha nikamrudishia bila kutia jina, naye akaisoma mara mbili, akanitazama, akauliza kama hiyo ni ndiyo au ni hapana.