Nani Anakata Intaneti ya Kanisa Letu Minto?

Wakuu, kuna mtu alikuwa anatukatia intaneti kanisani, na mimi niliapa kabisa kwamba nimeshamjua.

Naitwa Aloyce, Mtanzania, fundi wa mitandao hapa Sydney. Nasali na Wakongo, Minto, kwenye godauni la zamani. Intaneti inaingia ofisi ya mbele, sisi tuko nyuma kabisa. Nikawavutia fiber.

Nikawaonyesha wote. "Hiki kidude kinaitwa transceiver. Kinageuza data ya kompyuta kuwa mwanga, mwanga unapita kwenye uzi wa kioo, mwenzake kule ofisini anaugeuza kuwa data tena. Hapa mdomoni pakizibwa, hamna kitu."

Watu makofi! Mama Léocadie, kiongozi wa maombi, akaniwekea mikono kichwani.

Jumapili, ibada tunayorusha mtandaoni haikuruka hewani.

Nikachomoa uzi. Ncha ina mafuta! Nikafuta, intaneti ikarudi. Jumapili iliyofuata, mafuta tena.

Nani anashinda na mafuta? Balagizi. Ni muumini mwenzetu, anakaanga kuku mgahawani Cabramatta, ana ufunguo wa kanisa, na kabla yangu mitambo yote ilikuwa chini yake.

"Wivu tu huo," nikamwambia Destin.

Destin alikuwa anaoa. Mama yake yuko Bukavu, viza imegoma, harusi ya mwanawe angeiona kwa hiyo intaneti tu. Na msimamizi wake ni huyo huyo Balagizi. Wamekua wote kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Kama ni wewe, sema," Destin akamwambia mbele yetu.

"Mimi? Mama yako si ni mama yangu?"

"Acha ufunguo. Na kesho kwa harusi usikuje."

Akauweka mezani, akaondoka. Roho yangu ikatulia, lakini sikumwamini. Nikahisi ana ufunguo mwingine.

Asubuhi ya harusi nikajibanza nyuma ya spika.

Mlango ukafunguka. Mama Léocadie! Mkononi chupa ya mafuta ya upako. Akaenda moja kwa moja kwenye mtambo, akachomoa uzi, akachovya kidole.

"Mama! Unafanya nini?"

Akanishangaa. "Nabariki mashine, mutoto wangu. Si ulisema mwanga inapita hapa kwa mdomo? Kila juma napaka. Leo naongeza, sababu iko mtu anaifunga."

Nikamwonyesha ncha ilivyozibwa na mafuta yake.

Nikasafisha, taa ya kijani ikawaka. Destin alipopata habari alimpigia Balagizi, akapiga tena na tena. Simu haikupokelewa.

Ibada ikaanza, msimamizi akasimama mtu mwingine. Salamu za watazamaji zikaanza kuingia kwenye skrini. Mama Destin, Bukavu. Ukumbi mzima vigelegele!

Chini yake ikaja nyingine, kutoka nyumba iliyo mtaa wa pili tu.

"Balagizi, Minto. Mama, unaona vizuri? Na mimi naona."

Destin akaisoma, akainama, akalia mbele ya bibi harusi wake.

Ndugu zangu, kabla hujamtuhumu mtu, uliza nani mwingine anagusa mtambo. Uliza hata anayekuombea. Mtambo niliusafisha kwa kitambaa tu. Balagizi mpaka leo hajarudi kusali na sisi.