Ndiyo, Mheshimiwa

Mdogo wangu alinihakikishia kwenye simu: "Baba mzima, dada. Ukimwuliza kitu anajibu vizuri tu." Sikutulia. Nikapanda basi hadi Sumbawanga kujionea mwenyewe, na nilipoingia uani kwetu Mazwi nikamkuta baba, jaji mstaafu, anaota jua, sweta limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Kama umekulia kule, baridi ile unaijua. Miaka ya utoto wangu ndiyo kwanza mitumba ilikuwa imeruhusiwa, na kila mtu mjini alivaa koti lisilomtosha. Baba alikuwa hakimu bado. Ujaji ulikuja baadaye sana. Shule zikifungwa, mama alinituma nimpelekee chakula mahakamani, ugali wa ulezi na maharage, sufuria nimeifunga kwa kitenge. Kesi ikichelewa nilisubiri dirishani, harufu ya maharage ikinitesa.

Siku moja alipandishwa kizimbani mzee wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia Ilemba. Alishtakiwa kuiba ng'ombe wa jirani yake. Akikiri tu, ni jela. Karani akamsomea shitaka, baba akauliza:

"Ni kweli uliiba?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Baba akainama kuandika. Halafu kalamu ikasimama. Akainua macho, na kwa sauti ileile akauliza:

"Na wewe ni mwanamke?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

Watu wakaangua kicheko, nami dirishani nikacheka mpaka nusura nimwage maharage. Baba hakucheka. Kiswahili kilikuwa kinampita yule mzee, na kwake mkubwa akisema, unaitika. Baba akakata alichoandika, akaagiza mkalimani wa Kisukuma, kesi ikaanza upya. Mwishowe ikabainika ng'ombe alikuwa wake mwenyewe.

Yule mzee alikuja nyumbani kushukuru na kibuyu cha maziwa ya mgando. Baba akampokea vizuri, akamrudisha na kibuyu chake kimejaa vilevile. Sisi watoto tukabaki tunameza mate, na siku ile nilimchukia baba kwelikweli.

Tangu hapo, kila alikohamishiwa, hadi alipovaa joho la jaji, hakukubali mtu amekiri kabla hajamwuliza swali moja la kipuuzi. Mawakili walimcheka pembeni. Nyumbani alituambia, "Huyo kaitika tu, bado hajanijibu."

Mahakama ile ya zamani nimeipita nikija. Dirisha langu limezibwa kwa matofali.

Nikapiga magoti mbele ya kiti chake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Umekula?"

"Ndiyo."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Ndiyo."

Mdogo wangu akanitazama, kana kwamba anasema, si nilikwambia? Ningeweza kuishia hapo. Roho iliniuma, lakini nikamshika baba mkono.

"Baba, na wewe ni mwanamke?"

Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemheshimu mgeni.

"Ndiyo," akasema.

Mdogo wangu akaangua kicheko. Mimi sikucheka.