Maombi Yaliyofika Kwenye Nakala

Kazi yangu ya kutwa ni kutengeneza kompyuta na printa katika chumba kilicho nyuma ya soko la Ukunda. Kazi yangu ya pili hainilipi chochote, na ndiyo ninayoifikiria zaidi. Ninasaidia kutunza programu ya simu inayoonesha saa za maji kujaa na kupwa, ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha. Sikuisomea popote. Niliingia kwa kutafsiri maneno ya programu kwa Kiswahili, nikaendelea kuuliza maswali mpaka nikapewa kazi.

Msimbo wenyewe unakaa kwenye seva ndogo ya mzee mmoja wa Ulaya, baharia mstaafu aliyeianzisha programu. Watu wengi hawaijui seva hiyo. Wanaijua tovuti kubwa ambayo waandishi wa programu wote huitembelea, na huko tumeweka nakala tu. Kila saa mtambo huchukua kilichoko kwa mzee na kukimwaga kwenye nakala, na chochote kilichobadilishwa upande huu hufutika. Kwa hiyo mtu akituma marekebisho yake huko, yaani pull request kama sote tunavyoiita, huwa amebisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu. Mzee alikuwa ameweka roboti ya kumjibu. Ilisema kikavu kwamba hapa hatupokei kitu, kisha ikalifunga ombi.

Mimi nilikabidhiwa kuangalia kama roboti inafanya kazi. Nikawa naangalia pia ilichokuwa ikikifunga.

Asubuhi moja nilikuta ombi la mistari michache. Simu ikikosa mtandao, lilieleza, programu husahau saa za Afrika Mashariki na kuhesabu kwa saa za Greenwich. Maji yanayokupwa saa nne asubuhi huoneshwa saa moja. Roboti ilikuwa imeshalifunga. Chini yake mtumaji aliandika kwamba tafadhali, ameshawaambia watu imetengenezwa.

Jaribio aliloliambatanisha lilitaja mahali, digrii nne na ushee kusini mwa ikweta. Nilipoziweka kwenye ramani ziliangukia pwani ya Msambweni. Nikamwandikia kwa Kiswahili, nikamuuliza habari za huko.

"Umejuaje?" akajibu, kisha akanitumia namba yake.

Alikuwa katibu wa kikundi cha kina mama wanaolima mwani. Wazazi wake walitoka bara wakapata shamba kwenye skimu ya makazi. Bahari hakufundishwa na mtu, aliisoma kwenye simu. Kikundi kilimwachia apange zamu za kushuka wakati wa bamvua, siku ambazo maji hutoka mbali na kamba za mwani huachwa wazi. Bamvua iliyopita aliwaita saa moja. Wakongwe walimwambia amekosea, wakaja hivyo hivyo, ili wapate kumcheka vizuri.

"Nikawaambia nitaitengeneza mwenyewe," alisema. "Nikajifunza, nikaitengeneza. Sasa naambiwa imefungwa. Bamvua ijayo nisipokuwa na kitu cha kuwaonesha, zamu atapewa mwingine, nami nitabaki kuitwa mwongo."

Nilimwambia sitaahidi kitu kabla sijajaribu kwenye simu yake. Nikaenda. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye banda la makuti wakifunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nikawaamkia shikamoo.

"Marahaba. Ndiye huyu fundi wa bahari?" mwenyekiti akamuuliza katibu.

"Ni fundi wa simu, mama."

"Basi muulize ile simu yako ilikuwa na haraka ya wapi. Maji yenyewe yalikuja kwa wakati wake."

Walicheka wote. Katibu naye akacheka, ingawa hakuinua macho.

"Mama," nikasema, "kosa lilikuwa la programu. Yeye ndiye aliyeliona, na amelirekebisha."

"Na hii simu ya binti yangu inalo hilo rekebisho?" akauliza, akimwonesha msichana wake aliyeketi kando yake.

"Bado."

"Haya. Likifika tutaliona."

Nilizima mtandao kwenye simu ya katibu. Msimbo wa zamani ukasema saa moja. Wake ukasema saa nne. Nikarudia kwa tarehe nyingine, na nyingine, mpaka nikaridhika.

Njia ya kwenda kwa mzee ni barua pepe. Niliyatoa marekebisho kwenye nakala pamoja na jina la aliyeyaandika, nikaeleza jinsi kosa linavyotokea, nikatuma. Mzee alikubali kwamba kosa lipo. Alikuwa ameshaiandika upya mistari ile kwa namna aliyoipenda. Angeiweka kwa jina lake na kumshukuru katibu kwenye maelezo.

Hakuwa na nia mbaya, na mistari yake ilikuwa safi zaidi. Lakini kwa utaratibu wetu, jina lililo kwenye badiliko ni la mtu aliyelifanya, na shukrani hukaa mahali ambapo hakuna anayesoma. Nikamtumia barua ya pili yenye mabadiliko mawili yanayofuatana: la kwanza la katibu, kama alivyoliandika, na la pili la mzee, likilisafisha la kwanza. Matokeo yalikuwa yale yale aliyoyataka, herufi kwa herufi.

"Nakuomba uyapokee hivi," niliandika. "Aliyetengeneza ni yeye, na kuna watu wanaongoja kuliona jina lake. Usiponijibu nitauliza tena kesho."

Hakujibu. Kesho yake nikauliza tena. Akakubali kwa neno moja, na kabla ya bamvua akatoa toleo jipya. Nilimwomba pia anikabidhi roboti, nikaizima. Tangu hapo kila ombi linalofika kwenye nakala nalisoma na kulijibu mimi, na likifaa nalibeba mpaka kwa mzee likiwa na jina la mwenyewe.

Katibu alinipigia simu jioni ile ile aliyowaonesha kina mama toleo hilo. Mwenyekiti alimtaka binti yake alisome jina lililo kando ya mistari, kisha alisome tena. Halafu akauliza kesho kutwa simu inasema saa ngapi.

"Nikamwambia saa nne kasorobo. Akahesabu mwezi kwa vidole, akahesabu tena."

"Akasemaje?"

"Akawaambia wenzake, 'Ni saa nne kasorobo. Atakayechelewa asije kunililia mimi, amlilie katibu.'"