Kitambaa Chekundu Nilichokinyamazia

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa cherehani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikaripoti kwenye karakana ya ushonaji ya misheni moja huko Rugu nikiwa nimevaa shati nililoliona zuri. Mkuu wa Karakana, mama wa makamo ambaye futi haikutoka shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, aliishika kola yangu akacheka. "Aliyekushonea hii alikuwa anawahi wapi?" Kisha akanipa beseni la maji, furushi la vitambaa vipya na kipande cha bafta nyeupe.

Kazi ilikuwa kulowesha pembe ya kila kitambaa, kuikandamiza juu ya bafta na kuangalia kama rangi inahama. Ikihama, tunasema kitambaa kinachuja. Kinachochuja hulowekwa kwenye maji ya chumvi na kufuliwa tena na tena mpaka maji yatoke safi, ndipo kikatwe. Nilifanya hivyo wiki nzima, vidole vikakunjamana kwa maji. "Kitambaa kibaya hakikuaibishi hapa ndani," aliniambia Mkuu. "Kinangoja kifike kwa mwenyewe."

Baadaye nilipelekwa Kimuli kushona sare za shule. Mwalimu Mkuu wa pale alipima marinda ya sketi kwa rula, moja baada ya jingine. "Fundi," alisema siku moja, "nimeomba marinda yanayolingana. Haya ni baba, mama na watoto." Nilifumua sketi zote. Nilimchukia mwezi mzima, lakini ndiye aliyenifanya nijulikane. Nilipofungua kibanda changu Kibingo, mtu akiuliza kwa fundi ni wapi, hata mtoto alimwelekeza kwangu. Nililipenda neno hilo kuliko jina nililobatizwa.

Mke wangu, Mama Koku, hakusomea ushonaji. Alikuwa akiokota vipande vilivyoanguka chini ya cherehani yangu, ambavyo mimi nilivitumia kuwashia moto, akaviunga kwa sindano ya mkono kuwa blanketi za viraka. Blanketi ya namna hiyo ina tabaka tatu: juu viraka, katikati blanketi kuukuu, chini shuka. Tabaka zote hushikizwa pamoja kwa mishono midogo inayopita juu hadi chini. Mwanzoni nilimtania. Kisha watu wakaanza kuja.

"Hodi. Hapa ndipo kwa Mama Koku?" aliuliza mama mmoja kutoka kanisani.

"Hapa ni kwa fundi," nilimjibu.

"Aa, shikamoo baba. Na Mama Koku yupo?"

Nilimwonyesha mlango alikokuwa Mama Koku bila kuitikia shikamoo yake. Ndivyo ilivyoanza. Nilihesabu wageni wake. Nilipeleleza mishono yake nikitafuta iliyopinda, na nilipoipata nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Mtu akisifu kazi yake mbele yangu, nilisema, "Vipande ni vyangu."

Kiangazi cha mwaka juzi, kahawa ikiwa imeanikwa uani, binti yetu Koku alikuwa anaolewa. Mama yake aliamua aondoke na blanketi ya viraka ya kitanda kikubwa, nyota nyekundu juu ya bafta nyeupe. Dada yangu, shangazi wa Koku, alikuja kusaidia pamoja na majirani. Walikaa barazani wakimenya ndizi asubuhi na kushona mchana, wakicheka mpaka vicheko vikasikika nyumba nzima. Mimi niliitwa tu pindo lilipohitaji cherehani.

Siku moja Mama Koku alinijia na kitambaa chekundu alichonunua gulioni. "Baba Koku, wewe ndiye unayejua vitambaa. Hiki kinachuja?"

Nilikisugua kwa kidole gumba kilicholowa mate. Kidole kikageuka chekundu. Nikaficha kidole mfukoni.

"Hakichuji. Shoneni."

Nilitaka nini? Nimejiuliza sana. Nilitaka siku moja watu waseme kwamba mwanamke huyu si fundi. Sikumfikiria Koku hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Siku nne kabla ya sherehe ya kumuaga, blanketi ilikuwa tayari. Pasi ya mkaa ilikuwa imeiachia masizi, kwa hiyo wakaifua. Walipoitundika kambani, wekundu ulikuwa umetambaa kwenye bafta yote kama damu ya puani. Kicheko kilikatika. Koku alisimama mbele yake, mikono kichwani.

"Nani aliangalia hiki kitambaa?" dada yangu aliuliza.

"Mimi," alisema Mama Koku. "Sikukilowesha."

Alisema hivyo huku akijua aliyemjibu ni nani. Angenitaja, ningejitetea. Aliponisitiri, sikuweza kuendelea kuficha.

"Aliniuliza mimi," nikasema. "Nilijua kinachuja, nikamwambia hakichuji."

"Kwa nini, tata?" aliuliza Koku; ndivyo tunavyomwita baba kwa lugha ya kwetu.

"Nilimwonea wivu mama yako."

Dada yangu alinitazama juu hadi chini. "Mzee mzima! Umemwonea mkeo wivu kwa sababu ya matambara?" Wanawake wakacheka, na nilistahili.

Mama Koku hakucheka. Aliishusha blanketi, akaitandaza mkekani. "Chukua kiwembe. Kaa pale. Fumua."

Huyo ndiye aliyekuwa mkuu wangu wa mwisho wa kazi, na hakuna aliyekuwa mkali kama yeye. Nilifumua nyota zote na bafta iliyoharibika. "Umekata kitambaa badala ya uzi," aliniambia bila kuinua macho. "Taratibu, fundi." Waliweka samawati penye wekundu, na kwa kuwa bafta mpya haikutosha, blanketi ikapungua upande wa miguuni. Koku aliondoka nayo. Kwenye sherehe ya kumuaga, mshereheshaji alipoinyanyua na kusema ni kazi ya mikono ya mama, watu walishangilia, na ule wivu ukanichoma tena palepale, hata baada ya yote. Siwezi kuwadanganya ninyi vijana kwamba uliisha.

Sasa nimestaafu. Macho hayaoni tundu la sindano na kibanda nimekifunga. Mkishona na wenzenu, msione haya kusema kwamba mwenzenu amewazidi. Mimi neno hilo lilinishinda kutamka, na limenigharimu.

Juzi walikuja wanawake wawili na furushi la vitambaa, wakanikuta barazani. "Shikamoo mzee. Tuangalizie, hivi vinafaa?"

"Marahaba. Hebu nione," nikasema, nikanyoosha mkono.

"Vileteni huku, nitavilowesha mwenyewe," Mama Koku akaita kutoka ndani, kwa upole kabisa. Wakanipita, wakaingia.