Mzizi wa Tatu wa Mjohoro

Mzizi wa mjohoro ukikatwa mbichi hutoa harufu chungu inayokaa kwenye nguo hata zikifuliwa. Kiangazi kimoja cha miaka ya sabini nyumba yetu hapa Mpanda ilinuka hivyo, kwa sababu baba, fundi mwashi wa barabara za mji, alirudi nayo mwilini kila jioni. Njia ya waenda kwa miguu kutoka stesheni ya reli hadi madukani ilikuwa imepasuka. Mijohoro ya kandokando ilikuwa imeinua saruji, na Mzee Filipo, asiyeona, aliyeikariri njia ile kwa fimbo yake, alijikwaa akavunjika nyonga. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Baada ya hapo hakuna aliyebisha kwamba njia itengenezwe.

Ubishi ulikuwa juu ya mti mmoja, mkubwa kuliko yote. Chini yake Mama Yustina, mjane, aliweka cherehani. Hakuwa na chumba cha kushonea. Kivuli kile ndicho kilichomlishia watoto. Mimi, mwenye miaka kumi, nilikwenda kwake kila nilipotoka shule kujifunza kushona vifungo. Msimamizi wa kazi alitaka mti uangushwe. Baba akamwomba wakate mizizi tu, upande wa njia. "Kwetu Mamba miti ya kwenye majaruba tunaikata mizizi kila tukilima mpunga," alisema, "na haianguki." Hakufikiria kwamba udongo wa majaruba ni mzito na unashika, na huu wa mjini ni changarawe.

"Haya, Mpimbwe," msimamizi akacheka, akimwita kwa kabila lake. "Ukianguka utausimamisha mwenyewe."

Mama Yustina hakucheka. Alizuia gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Baba Skola, unakata mingapi?"

"Miwili."

"Nitahesabu."

"Hesabu, mama. Ukimaliza unishonee na suruali, hii imebaki matundu tu."

Hakuhesabu. Siku ya kukata alikuwa kwenye mazishi ya Mzee Filipo, ambaye nyonga ile haikumwacha. Nilipompelekea baba ugali wa mchana nilimkuta peke yake, mizizi miwili imeshatolewa. Aliweka bamba la mwisho la saruji, akalikanyaga, likacheza. Chini yake palikuwa na mzizi wa tatu, mnene kama paja lake. Alikaa akiutazama mpaka ugali ukapoa. "Likicheza, ataanguka mwingine," alisema bila kunigeukia, akachukua shoka. Mshika mawili moja humponyoka. Hakuniambia nifiche chochote. Kesho yake Mama Yustina aliponiuliza amekata mingapi, nilijibu mwenyewe: miwili.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo. Watu walikimbilia madukani, Mama Yustina akabaki kufunika cherehani kwa turubai. Mti ulilala polepole, ukang'oa udongo, na tawi likamkuta begani. Mkono wake wa kulia haukunyooka tena. Baba alipokwenda kumwona, yeye ndiye aliyembembeleza. "Ni upepo, Baba Skola. Mizizi miwili ni kitu gani?" Baba aliinamisha kichwa. Nilikuwa mlangoni, nikaona.

Wote wawili wamekufa. Mwaka jana mtaa ulikutana kuamua juu ya njia ileile, iliyokuwa iwekewe vitofali vipya, na mijohoro minne iliyobaki. Mtu mmoja alipendekeza mizizi michache ipunguzwe, miti ibaki. Yustina, binti wa mshonaji, akasimama. Alisema kwa utulivu kwamba fundi mwaminifu aliwahi kujaribu hivyo, akakata miwili tu, na mama yake akapoteza mkono. "Skola yupo hapa, fundi huyo alikuwa baba yake. Si kweli, dada?"

Watu walinigeukia. Niliitikia kwa kichwa.

Leo mijohoro yote minne imekatwa, na njia imenyooka kuliko zamani. Kipofu hupita bila kujikwaa, na mtoto wa kiti cha magurudumu hahitaji kusukumwa. Saa saba mchana wanawake wanaouza vitumbua huhamahama kufuata kivuli cha ukuta wa duka, kivuli chembamba kisichotosha watu wawili. Yustina ni mmoja wao. Hunisogezea nafasi nikipita.