Mtungi wa Kitambaa Chekundu

Hadi leo, nikinusa plastiki inayoyeyushwa, mabega huchoka kabla sijajua kwa nini. Juzi nilimpita fundi aliyekuwa akiziba mtungi kwa kisu cha moto, na harufu ile ikanirudisha Mashimoni, Kibera, nikiwa na miaka kumi.

Maji yalikuja siku mbili tu kwa wiki. Akina mama walipanga mitungi kwenye kibanda cha maji alfajiri, kisha wakaenda vibaruani na kumwachia Ndinda foleni. Ndinda alikuwa msichana mkubwa kutoka Kitui, mwimbaji wa kwaya katika kanisa letu la mabati, na kazi yake ilikuwa kuisogeza mitungi na kuilinda. Yote ilikuwa ya manjano, ya lita ishirini. Uliujua wako kwa kitambaa kilichofungwa mpinini. Wetu ulikuwa na cha buluu. Wa jirani yetu, Mama Mutua, chekundu.

Siku hiyo niliukalia wetu na kuteremka nao juu ya mawe kama farasi, ukapasuka chini. Mama alikuwa ameshanionya kuhusu farasi huyo. Ndinda alipogeuka kufungua bomba, nilibadilisha vitambaa. Fundo nililifunga vizuri.

Jioni Mama Mutua aliinua mtungi wenye kitambaa chake, maji yakammwagikia miguuni.

"We Ndinda! Umeuza mtungi wangu mzuri ukaniwekea hii takataka?"

"Haki ya Mungu, mama, sijaguza."

"Mungu mwachie kwaya!"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka. Usiku huo Mama Mutua aliuziba ule mtungi kwa kisu cha moto, harufu ikatufikia hadi kwetu. Baada ya hapo hakuna aliyemwachia Ndinda foleni tena, na kanisani aliambiwa apumzike kuimba kwanza. Mwezi haukuisha kabla hajahamia mtaa wa Congo, kule Kawangware.

Ndipo nilipoanza kutubu. Mchungaji alipowaita wenye dhambi mbele, nilitoka, nikalia, nikaombewa, nikarudi kitini nikiwa mwepesi. Kufikia Jumanne, siku ya maji, uzito ulikuwa umerudi. Jumapili nikatoka tena. Baada ya mara ya nne, tukiwa njiani kurudi nyumbani, Mama aliniuliza, "We Nafula, hii dhambi yako haiishangi?"

Tulipofika nilimwambia yote, nikangoja kichapo. Aliketi kitandani na viatu vyake vya kanisani. Alikuwa amefua nguo za watu wiki nzima na magoti yalikuwa yakimuuma. Hatimaye alimimina maji yaliyobaki kwenye sufuria, akanikabidhi mtungi mtupu, ule mzuri wa Mama Mutua.

"Mungu amekusikia mara nne. Ndinda hata mara moja. Twende."

Tulitembea kwa jua kali, mtungi ukinigonga goti kila hatua. Mama alisimama mara tatu kupumzika. Congo tulimkuta Ndinda nje ya chumba chake, naye akifua nguo za watu. Nilimwambia bila chozi. Machozi yangu ya Jumapili yalikuwa yamegoma.

Alilikamua shati hadi tone la mwisho. "Mtungi si wangu," akasema. "Jina ndio langu. Uliliacha wapi?"

"Kwa laini ya maji."

"Basi mbona umelitafuta huku?"

Hakunikaripia. Alimletea Mama kiti na kikombe cha maji. Nilipomwomba anisamehe, alisema, "Wacha nisikie kwanza umesema huko."

Jumanne nilisimama mbele ya kibanda, kitambaa chekundu kikiwa kimerudi mpinini pake, nikasema mbele ya foleni yote. Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Mutua aliuchukua mtungi wake, akauliza Ndinda anakaa wapi siku hizi. Mama akamwambia.

"Kawangware?" akasema. "Ah, huko ni mbali."

Ndinda hakurudi Mashimoni, na kwayani mahali pake alisimama mtu mwingine. Sijui kama alinisamehe. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba wepesi ule niliorudi nao kitini ulikuwa mapumziko tu. Toba yenyewe ilikuwa bado haijaanza. Hata sasa, mchungaji akituita mbele, hutamani kutoka nilie, yaishe, niketi. Umri huu miguu huchoka upesi. Kisha humkumbuka Mama Mutua na mtungi wake. Alisema kweli, Kawangware ni mbali. Tulienda kwa miguu.